Josef Albers: Mwalimu Aliyewaambia Wenye Macho Watazame

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Siwabishii wahenga, lakini leo nataka kukusimulia, ndugu msomaji, maisha ya mwalimu mmoja ambaye kazi yake yote ilikuwa kuwaambia wenye macho watazame. Wengi waliopita mikononi mwake walitoka wakawa mabingwa wa kuchora picha, kusanifu vitabu na kubuni mabango. Jina lake ni Josef Albers. Alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1888 na kufariki Marekani mwaka wa 1976. Hadi leo, mtu anayesomea usanifu wa mabango na matangazo akifika kwenye somo la rangi, hamkosi Albers njiani.

Mimi nimemchagua kwa sababu yangu. Katika chama chetu cha Kiswahili ndimi ninayeandika matangazo ya mijadala na michezo ya kuigiza. Kila muhula watu hunijia wakaniuliza ni rangi gani nzuri, utadhani kuna rangi nzuri na rangi mbaya kama vile kuna embe bivu na embe bichi. Mwalimu wetu wa sanaa aliposikia swali hilo alinipa kitabu cha Albers nikakisome likizoni. Nilikisoma, nikatafuta habari zake zaidi, na haya ndiyo niliyoyapata.

Josef alizaliwa tarehe 19 Machi katika mji wa Bottrop, magharibi mwa Ujerumani, eneo la migodi ya makaa ya mawe. Ukoo wake ulikuwa wa mafundi. Baba yake, Mzee Lorenz Albers, alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi, na alijua pia kutia vioo na kutengeneza mabomba. Upande wa mama walikuwa wahunzi. Kijana alikulia katikati ya makopo ya rangi na brashi. Baba alimfundisha kwamba ukipaka mlango, anza katikati uje nje, ili matone unayoyadondosha uyafute kadiri unavyosonga na usichafue mikono yako. Jambo dogo hilo, lakini lishike, maana tutakutana nalo tena Albers akiwa mzee.

Hakuanza kama msanii. Alianza kama mwalimu wa shule ya msingi mwaka wa 1908, akiwa na miaka 20 tu. Alifundisha watoto kwa miaka kadhaa, kisha akaenda Berlin mwaka wa 1913 kusomea ualimu wa sanaa, akarudi kwao akaendelea na kazi. Mtu mwingine angeridhika hapo. Mshahara upo, heshima ipo, nini tena? Lakini Albers moyo wake haukutulia. Mwaka wa 1920, akiwa na miaka 32, aliacha yote akaenda mji wa Weimar kujiunga na shule mpya iitwayo Bauhaus. Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka uliotangulia na msanifu majengo Walter Gropius, na nia yake ilikuwa kuondoa ukuta kati ya msanii na fundi. Basi mwalimu mzima akarudi kuketi darasani na vijana ambao umri wao ulimruhusu kuwaita wadogo zake.

Ujerumani wakati huo ilikuwa imetoka tu kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na pesa zilikuwa adimu. Albers hakuwa na fedha za kununua rangi wala vifaa. Alifanya nini? Alichukua nyundo na shanta, akaenda jaani nje ya mji, akaokota vipande vya chupa zilizovunjika: vya kijani, vya hudhurungi, vya samawati. Akavipanga na kuvifunga kwa waya, akavisimamisha mwanga upite. Wakubwa wa shule walikuwa wametaka aingie karakana ya kupaka kuta, naye akashikilia vioo vyake, hata akaonywa kwamba huenda akafukuzwa. Lakini walipoiona kazi iliyotokana na taka zile, badala ya kumfukuza walimwambia aanzishe upya karakana ya vioo. Ama kweli penye nia pana njia.

Mwaka wa 1923 alipewa kazi ya kufundisha wanafunzi wapya wa Bauhaus, na mwaka wa 1925 shule ilipohamia mji wa Dessau akafanywa mwalimu kamili. Mwaka huohuo alimwoa Bi. Annelise Fleischmann, aliyekuwa akijifunza ufumaji hapo hapo. Dunia inamjua mama huyu kwa jina la Anni Albers, mmoja wa wafumaji wakubwa wa karne ya 20.

Hebu nikueleze jinsi alivyofundisha. Siku moja aliingia darasani na furushi la magazeti, akamgawia kila mwanafunzi na kuwataka watengeneze kitu, bila gundi na bila kupoteza karatasi. Kisha akatoka. Aliporudi alikuta majumba, merikebu, ndege na wanyama. Hakuvisifu sana. Alimsifu kijana aliyekunja gazeti lake mara moja tu kwa urefu likasimama wima. Wengine walishangaa. Kumbe hoja yake ilikuwa hii: jumba lingeweza kujengwa kwa mawe na merikebu kwa mbao, bali karatasi laini kusimama kwa kukunjwa ni jambo ambalo karatasi yenyewe ndiyo inayoliweza. Kabla ya kukitumia kitu, kitazame kwanza ujue kinaweza nini.

Mambo yalienda vizuri mpaka siasa ilipoingia. Adolf Hitler alishika madaraka mwezi wa Januari 1933. Chama chake cha Nazi kiliichukia Bauhaus, ambayo sasa ilikuwa Berlin. Mwezi wa Aprili polisi waliifunga milango yake, na mwezi wa Julai walimu wenyewe, badala ya kukubali masharti ya serikali, waliamua shule ivunjwe. Bi. Anni alitoka familia ya Kiyahudi, na wewe unajua kilichowapata Wayahudi miaka iliyofuata. Josef alikuwa na miaka 45, hana kazi, hana shule, na nyumba yake iko hatarini.

Mungu si Athumani. Huko Marekani, katika milima ya jimbo la North Carolina, walimu wachache walikuwa wakianzisha chuo kidogo kiitwacho Black Mountain College, na walihitaji mwalimu wa sanaa. Albers alialikwa. Mwezi wa Novemba 1933 yeye na mkewe walishuka kutoka melini New York. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza neno hapa na neno pale. Walipomwuliza atafundisha nini, alijibu kwa maneno machache sana kwamba kazi yake itakuwa kufumbua macho. Alikaa chuoni hapo hadi mwaka wa 1949.

Sasa tuje kwenye somo lenyewe la rangi, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kabla ya Albers, watu wengi walifundisha rangi kwa kuanza na mzunguko. Mwanasayansi Isaac Newton alizipanga rangi katika duara kwenye kitabu chake cha mwaka wa 1704. Wachoraji wakaendeleza: nyekundu, manjano na samawati ndizo za msingi, changanya manjano na samawati upate kijani, nyekundu na manjano upate rangi ya machungwa, nyekundu na samawati upate zambarau. Zinazotazamana katika duara, kama nyekundu na kijani, huitwa rangi zinazokabiliana. Haya yote ni kweli, na mwanafunzi hana budi kuyajua. Albers naye aliyajua, lakini hakutaka kuanzia hapo. Aliona kwamba mtu anaweza kulikariri duara lote kama anavyokariri jedwali la kuzidisha, na bado asione kinachotendeka mbele ya pua yake.

Alianza na jina la rangi. Alionyesha kwamba ukiwatajia watu 50 neno nyekundu, kila mmoja atawaza nyekundu yake, na hakuna mbili zitakazolingana. Kwetu sisi Waswahili jambo hili liko wazi zaidi, kwani majina yetu mengi ya rangi ni ya vitu. Manjano ni ile bizari ya jikoni. Zambarau ni tunda. Kijivu kimetoka kwenye jivu, na kijani kwenye jani. Lakini jani lipi? La mgomba au la mkonge? Changa au lililokauka? Neno ni moja, rangi ni mia.

Pili, Albers hakupenda wanafunzi waanze na rangi za maji au za mafuta. Alitaka karatasi za rangi. Na si za dukani lazima: vipande vya magazeti, mabaki ya wapiga chapa, sampuli za karatasi za ukutani, hata majani ya miti yaliyokauka. Sababu zake zilikuwa za fundi. Karatasi haigharimu kitu. Haihitaji kuchanganywa, kwa hiyo huharibu hakuna. Na kubwa zaidi, ukitaka rangi ileile mara ya pili unaipata ileile, haibadiliki kama mchanganyiko wa brashi. Yule kijana wa jaani alikuwa bado yumo ndani ya profesa.

Sasa hebu jaribu na mimi zoezi lake mashuhuri kuliko yote. Tafuta karatasi ya kijivu, ukate vipande viwili vidogo vilivyo sawasawa. Kimoja kiweke juu ya karatasi nyeusi, kingine juu ya nyeupe. Tazama. Kile kilicho juu ya nyeusi kitaonekana cheupe zaidi, na kile kilicho juu ya nyeupe kitaonekana kimeiva kuelekea weusi. Nililifanya hili katika mkutano wa chama chetu, na wenzangu wakaniambia nimewadanganya kwa karatasi mbili tofauti. Nilipovitoa vipande nikavilaza pamoja, wakanyamaza. Ni kipande kimoja kilichokatwa mara mbili!

Siri ni hii: rangi humsukuma jirani yake awe kinyume naye. Nyeusi humfanya jirani aonekane mweupe, na nyekundu kali humfanya jirani aelekee ukijani. Mfaransa Chevreul, mkemia aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, alikuwa ameliandika jambo hili mwaka wa 1839, baada ya malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu. Aligundua kwamba nyuzi hazikuwa na kasoro. Zilionekana hivyo kwa sababu ya rangi zilizokuwa ubavuni mwake. Albers alikubali sheria hiyo, ila hakuwapa wanafunzi waikariri. Aliwaagiza watafute wenyewe, usiku na mchana, rangi moja wataifanyaje ionekane mbili, na rangi mbili wataifanyaje zionekane moja. Sheria ilikuja mwisho, jicho likiwa limekwisha kuiona.

Zoezi jingine: tazama duara jekundu kwenye karatasi nyeupe kwa nusu dakika bila kupepesa macho, halafu hamisha macho kwenye karatasi tupu. Utaona duara la kijani chenye usamawati likielea pale pasipo na kitu. Sehemu za jicho zinazopokea wekundu zimechoka, zile nyingine bado zina nguvu, basi unaona kinyume. Kumbe macho yetu si dirisha tu. Nayo yana kazi yanayoifanya.

Ili kueleza haya, Albers alitumia mfano wa maji. Tia mkono mmoja katika maji ya moto na mwingine katika maji baridi. Kisha itie yote miwili katika maji ya uvuguvugu. Mkono mmoja utasema maji haya ni baridi, na mwingine utasema ni ya moto. Maji ni yaleyale.

Nisikufiche, alikuwa mwalimu mkali. Hakutaka mzaha darasani, na wanafunzi wengine walimwona mgumu mno. Robert Rauschenberg, aliyefika chuoni mwaka wa 1948, hakupatana naye kabisa. Kazi za kijana huyo zilikuja kuwa kinyume cha kazi za mwalimu wake: Albers alipenda utaratibu, Rauschenberg akabandika mpaka mbuzi aliyekaushwa na tairi. Lakini hata yeye, akiwa maarufu, alimtaja Albers kuwa mwalimu aliyemfaa kuliko wote. Naye Ruth Asawa, binti wa wahamiaji kutoka Japani, ambaye wakati wa Vita vya Pili aliwekwa kambini pamoja na familia yake kwa sababu tu ya asili yao, alifika mwaka wa 1946 baada ya kunyimwa nafasi ya kufanya mazoezi ya ualimu. Alipokea mafunzo ya Albers, akawa mchongaji mkubwa wa nyuzi za waya, na baadaye akapigania watoto wa San Francisco wapate shule ya sanaa. Tangu mwaka wa 2010 shule hiyo inaitwa kwa jina lake.

Mwaka huo wa 1946 Albers alimwalika mchoraji Mmarekani mweusi, Jacob Lawrence, aje kufundisha wakati wa kiangazi. Huko kusini mwa Marekani, sheria ziliwalazimisha abiria weusi wahamie mabehewa yao ya kubaguliwa. Albers akafanya mpango wa behewa la pekee, ili Lawrence na mkewe wasafiri bila kufedheheshwa. Aliyekwisha kufukuzwa kwao alijua uchungu wake.

Mwaka wa 1950 alichukuliwa na Chuo Kikuu cha Yale awe mkuu wa idara ya usanifu. Mwaka uliofuata chuo hicho kilianza kufundisha usanifu wa vitabu na mabango kama fani kamili, chini ya Alvin Eisenman, na wanafunzi wake wakawa wanaketi katika somo la rangi la Albers. Humo ndimo walimojifunza mambo ambayo mwandishi yeyote wa mabango anayahitaji. Kwa mfano, maandishi mekundu juu ya kijani yenye uzito uleule wa mwanga hutetemeka machoni, na msomaji huchoka kabla hajamaliza mstari. Tofauti ya jina la rangi haitoshi. Lazima kuwe na tofauti ya mwanga na giza. Mimi sasa, nikimaliza bango, hurudi nyuma hatua kumi nikafinya macho kama mtu aliyepigwa na jua. Maandishi yakipotea, narudia kazi.

Huko Yale pia, akiwa na miaka 62, alianza mfululizo wa picha ambao hakuuacha hadi kufa. Kila picha ni miraba mitatu au minne, mmoja ndani ya mwingine, basi. Alizichora zaidi ya 1,000 juu ya hadibodi. Rangi aliitoa moja kwa moja kwenye tyubu na kuipaka kwa kisu, na nyuma ya kila picha akaandika majina ya rangi na watengenezaji wake. Na alianza na mraba wa katikati akaja nje, kama baba yake alivyomfundisha kupaka mlango. Mtu akipita haraka atasema zote ni mamoja. Akisimama, ataona mraba mmoja unasogea karibu, mwingine unazama, mwingine unawaka kama kaa.

Alistaafu mwaka wa 1958, na mwaka wa 1963 akatoa kitabu chake kikubwa kuhusu jinsi rangi zinavyoathiriana, Interaction of Color. Wengi wangetarajia akitoe kwa wakubwa au wafadhili. Yeye alikitoa kuwa shukrani kwa wanafunzi wake, maana majaribio yaliyomo yalitoka mikononi mwao. Chapa ya kwanza ilikuwa ghali mno, lakini mwaka wa 1971 ilitoka ya bei nafuu, ndiyo inayotembea duniani. Mwaka huohuo jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York lilifanya maonyesho makubwa ya kazi zake, na yeye akawa msanii wa kwanza aliye hai kupewa heshima hiyo peke yake. Alifariki mjini New Haven tarehe 25 Machi 1976, siku sita baada ya kutimiza miaka 88. Bi. Anni alimfuata mwaka wa 1994. Wakfu walioacha umefika hata Afrika: mwaka wa 2015 ulifungua kituo cha sanaa na kilimo katika kijiji cha Sinthian, kusini mashariki mwa Senegali.

Ndugu msomaji, nimesikia wengi shuleni wakisema kwamba rangi ni kipaji, ukizaliwa nacho unacho, usipozaliwa nacho nenda kafanye hesabu. Wengine husema sanaa ni ya wenye pesa za kununua rangi za bei. Maisha ya Albers yanawajibu wote wawili. Jicho hufundishika kama ulimi unavyofundishika lugha, kwa mazoezi ya kila siku. Na vifaa vya kulifundishia viko kwenye kapu la taka la darasa lako: pakiti ya majani ya chai, jalada la daftari lililokwisha, ukurasa wa gazeti la juzi. Vikate, vipange, vitazame vikiwa pamoja.

Kwa hiyo atakayenijia muhula ujao kuniuliza ni rangi gani nzuri, nami nitamwuliza: itakaa karibu na ipi?